Kugeuza Basi Kuukuu Kuwa Nyumba ya Safari: Mwongozo kwa Anayejengea Uganda

Kazi ya kugeuza basi huharibika pale mtu anapoanza na kitanda. Ananunua godoro, anachora kabati, anabishana na mkewe kuhusu mapazia, na wakati huo sakafu imeliwa na kutu na paa linadondosha maji juu ya vyote hivyo. Mpangilio ninaoushauri ni huu: karatasi, chasisi, injini, bodi, paa, kisha umeme na maji, samani mwisho kabisa. Kuna sharti moja linalotawala hatua zote. Chochote unachokifunga ndani ya basi hilo kiwe kitu ambacho fundi wa Moroto au Kisoro anaweza kukifungua kwa spana za kawaida, akakitengeneza na kukirudisha siku hiyohiyo. Murram, yaani barabara ya udongo na changarawe, italegeza kila nati uliyokaza, na haitachagua kuilegezea karibu na Kampala.

Kulipata basi lenyewe

Usiweke matumaini kwenye meli. Sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa mwaka 2018, na tangu hapo gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe haliingizwi tena Uganda. Kwa hiyo basi la kale ni lile ambalo tayari liko nchini. Yako mengi kuliko unavyodhani: nyuma ya shule za bweni, kwenye viwanja vya makanisa, kwenye mashamba ya miwa na ya chai, na kwenye minada ambako wizara na wilaya huuza magari yaliyostaafu. Mimi napenda zaidi basi la shule. Halikubebeshwa ndizi na mbuzi juu ya paa, na mara nyingi limeendeshwa na dereva mmoja anayejua kila ugonjwa wake. Mtafute dereva huyo, mnywe naye chai, ndipo uende kuzungumza bei na mhasibu.

Wazee watakusifia Leyland na Bedford, mabasi ya enzi za kampuni za zamani za usafiri, UTC na PTC. Kwa sura hakuna linaloyashinda, na chasisi zake ni nene kweli. Ila jiulize kipuri utakipata wapi siku utakapokwama Kotido. Ashok Leyland ya India ilizaliwa katika ushirikiano na Leyland ya Uingereza, kwa hiyo baadhi ya vipuri bado vinapatikana. Usinunue kwa kudhania, peleka kipuri cha zamani mkononi ukilinganishe dukani. Bedford ni safari ndefu zaidi, maana watu wengi huagiza hadi Pakistan, ambako malori yake bado yanafanya kazi. Kama moyo wako umekwama kwenye mojawapo, chukua, lakini nunua mawili: moja la kujenga, jingine la kunyofoa vipuri.

Kwa mtu anayetaka kusafiri kuliko kujionyesha, chaguo langu ni Toyota Coaster ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990. Injini ya 3B ya lita 3.4 ina silinda nne, ni nzito na haina haraka. Ukibahatika kupata yenye 1HZ, silinda sita na lita 4.2, usiiache. Ni injini ileile iliyofungwa kwenye Land Cruiser za mashirika, za polisi na za hifadhi kwa miongo mitatu, na hakuna wilaya ya Uganda isiyo na fundi aliyewahi kuifungua. Coaster ndefu ina karibu mita 7 kwa mita 2. Mtu mrefu atainama ndani yake, na hilo alijue kabla ya kulipa.

Nenda kuliangalia asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukigusa injini ukakuta ina joto, kuna kitu unafichwa. Likiwaka, tazama moshi. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, mara nyingi nozeli au filta. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekufa au hedi yenyewe imepasuka. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo ni umri tu, lakini kifuniko kikirukaruka, ringi na pistoni zimekwisha, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Baada ya hapo sahau injini, lala chini ya gari na nyundo ndogo. Injini hubadilishwa kwa siku chache. Chasisi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Gonga urefu wote wa chasisi ukisikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza hukohoa. Angalia hasa pale mabano ya springi yanaposhika chasisi na kile kipande cha nyuma kinachoning'inia baada ya ekseli, kwa sababu huko ndiko mizigo ilikorundikwa miaka yote. Ukiona kipande cha chuma kimechomelewa juu ya chasisi na kupakwa lami nyeusi mbichi, kikwangue uone kilichofunikwa. Mwuzaji akikukatalia kukwangua, umeshapata jibu.

Karatasi kabla ya spana

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logibuku (kadi ya umiliki), herufi kwa herufi. Halafu fanya upekuzi kwenye usajili wa magari, kazi iliyokuwa ya mamlaka ya mapato, URA, na sasa iko chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, ujue mmiliki ni nani hasa na kama gari limewekwa rehani. Mabasi ya shule na makanisa yana tabia ya kuandikishwa kwa jina la mtu aliyefariki au la taasisi iliyobadilisha jina. Hilo limalizwe na mwuzaji, kwa gharama yake, kabla hujatoa shilingi ya mwisho.

Kubadilisha rangi, injini au matumizi ya gari ni mambo ya kuandikishwa. Waone wakaguzi wa magari wa polisi kabla hujang'oa kiti cha kwanza, uwaeleze unachokusudia na uulize watataka kuona nini mwishoni. Ni rahisi zaidi kuliko kuwaelezea kizuizini kwa nini gari lililoandikwa abiria 26 lina sinki la vyombo. Angalia pia leseni yako: daraja B halikuruhusu kuendesha basi. Madaraja ya mabasi ni DL, DM na DH kwa kadiri ya ukubwa, na karatasi ya gari lako ndiyo itakayosema unahitaji lipi.

Kulivua

Toa viti, sakafu ya juu, mapambo ya ndani, dari na keria ya mizigo iliyo juu ya paa. Piga picha kila hatua, hasa nyaya. Boliti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake na uandike. Viti vya abiria usiviuze vyote: baki na viwili au vinne vilivyo vizima, maana kila atakayesafiri humo anahitaji kiti chenye mkanda kilichoshikwa kwenye chuma. Kitanda si kiti.

Likishakuwa tupu, lipeleke kwenye mizani. Ghala kubwa la mahindi au machimbo ya mawe yana mizani ya malori, na kwa hela kidogo watakupimia ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Toa uzito huo kwenye uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Kinachobaki ndiyo bajeti yako halisi, na utaitumia kwa kilo kama unavyotumia shilingi.

Chasisi, breki na injini

Hapa ndipo nusu ya fedha zako ziende, hata kama hakuna mgeni atakayeiona. Badilisha bushi zote za springi, angalia kila jani la springi kama limepasuka, weka shokamzoba mpya. Mipira ya breki, mabomba yaliyoshika kutu na silinda za magurudumu usizisamehe. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri inavyokaa, na kwenye mteremko mrefu unyevu huo huchemka na pedali ikazama hadi sakafuni. Mtu anayetaka kushuka Kanaba kwenda Kisoro na tani kadhaa mgongoni abadilishe oili yote, si kuongezea tu juu. Mabasi makubwa yenye breki za upepo yana hadithi yake: matangi ya upepo yatolewe maji kila siku ya safari, na kama presha inashuka gari likiwa limesimama, tafuta kinapovuja kwa maji ya sabuni.

Matairi yasome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Basi lililolala huwa na matairi yenye kashata nzuri na mpira uliokufa. Chagua saizi ambayo pikapu na malori madogo ya mji wowote yanatumia.

Kwenye injini, fanya yale ya kawaida: oili, filta zote, mikanda, mabomba ya maji, nozeli zipimwe, vali zirekebishwe. Rejeta itolewe ikasafishwe, usiridhike na kuipuliza mbele kwa maji. Kisha kuna mabishano ambayo utayapata karibu kila gereji. Fundi atakuambia, "Mzee, tutoe thamostati, nchi yetu ina joto." Kataa kwa upole. Bila thamostati injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi, na silinda huchakaa upesi. Kama inachemka thamostati ikiwepo, kuna tatizo jingine linalofichwa, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni iliyochoka. Na maji matupu ya bomba yasiwe ndiyo dawa ya rejeta; tumia kulanti, kwa sababu maji hula chuma kutoka ndani.

Ongeza kichujio cha dizeli chenye kikombe cha kutenganisha maji. Huko vijijini utanunua dizeli kwenye jerikeni siku moja, upende usipende.

Bodi na kutu

Kwanza, chomoa betri na alteneta kabla ya mtu yeyote kuchomelea. Umeme wa kuchomelea hupita njia iliyo fupi kwake, na njia hiyo ikipitia kwenye alteneta utanunua nyingine. Klipu ya ardhi ya mashine ikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Kutu kwa basi huanzia pale maji yanapokaa: ngazi za mlango, matao ya magurudumu, chini ya madirisha, na sehemu sakafu inapokutana na ukuta. Kata hadi ufike chuma cheupe. Mafundi wa Katwe na Kisenyi, mitaa ya Kampala, wana mikono mizuri sana, ila wana ugonjwa mmoja wa haraka: kubandika bati jipya juu ya lililooza na kufunika kwa puti. Ndani ya msimu mmoja wa mvua uvimbe utarudi palepale. Kubalianeni kwa maneno mapema kwamba kilichooza kinakatwa chote, na uwepo siku ya kukata. Malipo yaende kwa hatua, na hatua ya kukata ilipwe baada ya wewe kuona, kabla ya bati jipya kuwekwa.

Kwa sakafu na mbavu, tumia chuma cha mraba. Kwa ngozi ya nje, bati la geji 18 linatosha. Kila ndani ya mbavu iliyofungwa ipuliziwe nta au grisi nyepesi kupitia matundu madogo. Chuma kilicho wazi kipakwe redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo kilipokwanguliwa. Ukikiacha kilale usiku mmoja Kampala, asubuhi kina rangi ya machungwa. Wengi hupaka oili chafu ya injini chini ya gari. Inasaidia chuma, nakubali, lakini hulainisha na kuozesha bushi na mipira ya breki ulizotoka kununua, na wakati wa kiangazi inashika vumbi lote la Karamoja. Tumia rangi ya lami ya chasisi, mbali na mpira.

Paa

Paa la basi la Uganda limebeba maisha ya watu. Miguu ya keria ilipitishwa kwenye bati kwa boliti, na kila boliti ni tundu. Toa keria yote, ziba matundu kwa kuchomelea au kwa viraka vyenye riveti, kisha tazama viungio vya mabati kuanzia mbele hadi nyuma. Safisha mpaka chuma, paka praima, ndipo uzibe kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Silikoni ya bafuni iache dukani. Inabanduka kwa mtikisiko, na mbaya zaidi ni kwamba rangi haishiki juu yake na hata gundi nyingine haishiki mahali ilipowahi kupita.

Tobo za paneli za sola, kipitishio cha hewa na waya zitobolewe sasa hivi. Kisha panga kazi ili mvua za Machi hadi Mei au za Septemba hadi Novemba zikukute na paa tupu lisilo na dari. Hakuna mpira wa maji unaoweza kuiga dhoruba ya alasiri pale Jinja. Kaa ndani na tochi na chaki, zungushia duara kila tone. Rudia hadi mvua kubwa ipite bila chaki kutumika. Huu ndio wakati ambao watu wengi huchoka kusubiri wakafunga dari.

Joto, baridi na mbu

Basi ni sanduku la chuma. Mchana wa Gulu linachemka, usiku wa Kabale, ambako ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, pumzi zako zinageuka maji kwenye bati. Kizuizi cha joto kiwe cha povu lisilonyonya maji, milimita 25 kwa paa na nyembamba zaidi kwa kuta, kigandishwe bila nafasi nyuma yake. Pamba ya kioo hunywa maji, hushuka chini ya ukuta na kukutengenezea kutu upya mahali usipopaona.

Funga baadhi ya madirisha kwa bati, hasa pale kabati na choo vitakapokuwa, lakini acha yanayofunguka pande zote mbili ili hewa ivuke. Raba zote za madirisha zibadilishwe. Kila dirisha na kila tundu la hewa liwe na wavu wa mbu unaofungwa kwa fremu, si wa kubandika kwa velkro. Malaria haisamehi mwenye basi zuri.

Kuhusu rangi ya nje: paa jeupe, bila mjadala. Ubavuni chagua unayoipenda isipokuwa tatu. Buluu iliyoiva na nyeusi ndizo rangi zinazowavuta mbung'o, ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na gari linalotembea huwavuta hata bila rangi. Ukipita hifadhi ya Murchison na basi la buluu utaendesha madirisha yakiwa yamefungwa. Ya tatu ni kijani cha jeshi, ambacho kitakuletea maswali kwenye kila kizuizi.

Umeme

Anza na hesabu kabla ya duka. Friji ndogo ya umeme wa betri yenye kompresa hutumia kama wati 50, na ikifanya kazi jumla ya saa 8 kwa siku ni wati-saa 400. Taa, 100. Feni mbili usiku kucha, 200. Simu na kompyuta, 150. Pampu ya maji, 20. Jumla ni karibu 870. Paneli za wati 400, kwa saa nne na nusu za jua zuri na ukitoa upotevu wa robo, zitakupa kama 1,350. Siku ya mawingu hesabu nusu ya hapo. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 inahifadhi wati-saa 2,560, yaani karibu siku tatu bila jua kabisa. Za asidi ni nafuu kununua, lakini ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema, kwa hiyo utahitaji mbili za 200 ili upate kazi hiyo, na kila moja ina karibu kilo 60. Lithiamu moja haifiki nusu ya moja ya hizo.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo huna haja ya vyuma vya kuinua paneli. Zilaze, na mwinamo mdogo tu ili mvua ioshe vumbi, na uache nafasi ya vidole vichache chini yake hewa ipite. Paneli yenye joto kali huzalisha kidogo.

Coaster nyingi na karibu mabasi yote makubwa yana mfumo wa volti 24. Nyumba yako ikiwa ya volti 12, usichomoe volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za gari, kama wanavyofanya mafundi wa redio. Betri hizo zitachaji bila usawa na zote mbili zitakufa. Nunua chaja ya kubadilisha 24 kwenda 12, nayo itachaji betri ya nyumba injini ikiwaka.

Sasa nyaya, maana hapa ndipo mabasi huungua. Inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80. Hiyo inataka kebo nene ya milimita za mraba 25 hadi 35, fupi iwezekanavyo, na fyuzi karibu kabisa na betri. Kila mzigo uwe na fyuzi yake kwenye sanduku moja. Waya ikipita kwenye chuma ipitishwe kwenye raba, ifungwe kila baada ya kiganja, na viungio vibanwe kwa koleo la kubania vishikizo vya waya, si kusokotwa na kufunikwa tepu. Andika kila waya kwa lebo, kisha bandika mchoro wa mfumo mzima ndani ya mlango wa kabati. Fundi wa Kisoro atakushukuru, na atakutoza kidogo kuliko kama angepoteza muda akibahatisha.

Maji na choo

Tangi la lita 100 ni kilo 100, kwa hiyo liwe kati ya ekseli, chini, si nyuma kabisa. Liwe la plastiki ya chakula, lenye mdomo mpana wa kusafishia. Pampu ya volti 12 ya kawaida inatosha, na kichujio chake kiwe mahali mkono unafika. Weka pia nafasi ya jerikeni mbili za lita 20 zilizofungwa kwa mikanda, kwa sababu maji mengi utakayoyapata yatatoka kwenye kisima na hakuna mpira wa bustani kule.

Choo cha kutenganisha mkojo na kinyesi ndicho kinachofaa hapa. Hakihitaji maji, na cha kufunikia kimejaa nchini: makapi makavu ya kahawa kutoka kinu chochote, au vumbi la mbao.

Jiko

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha watu wawili na unabadilishwa hata kwenye miji midogo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni ikisubiri cheche. Mtungi uwe kwenye kisanduku chake kilichozibwa upande wa ndani, chenye tundu la chini linalotoka nje ya gari. Sigiri, yaani jiko la mkaa, isiingie ndani kamwe, hata ikiwa na majivu tu, hata Kabale penye baridi. Hewa ya mkaa inaua watu waliolala bila kuwaamsha. Nunua king'ora cha hewa hiyo, cha moshi kingine, na vizima moto viwili vya unga: kimoja kando ya dereva, kimoja karibu na kitanda. Mlango wa nyuma au dirisha moja kubwa libaki njia ya kutokea, lisizibwe na kabati.

Samani

Chora mpango kwa chaki sakafuni, kisha tandika godoro na lala humo wikiendi nzima ukitumia masanduku badala ya makabati. Utabadilisha mengi bila kupoteza ubao.

Ndeeba, pale Kampala, utapata mbao za kila aina. Mvule ni mbao ya kujivunia, lakini ni nzito. Itumie kwa juu ya meza peke yake. Musizi na paini ni nyepesi na zinatosha kwa fremu. Kuta za makabati ziwe za plaiwudi ya milimita 9 au 12. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ni nzito na hufura ikipata maji. Kila kiungio kiwe na gundi na skrubu, misumari itatoka yenyewe. Fremu zishikwe kwenye mbavu za chuma kwa boliti na nati zenye nailoni, na milango ya makabati iwe na kufuli za kubonyeza, si sumaku. Tuta moja tu la barabarani linatosha kufungua sumaku zote.

Kwa pambo, kitambaa cha gome la mutuba kinavutia sana kwenye dari au vichwa vya viti, na ni kazi ya Baganda ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Kiwe mbali na jiko na mbali na maji.

Safari ya majaribio

Rudi kwenye mizani, tangi likiwa limejaa na watu wakiwa ndani. Ekseli ya nyuma ikizidi, hamisha betri au maji. Usidanganyike kwamba springi za ziada zinaongeza nguvu ya breki.

Safari ya kwanza iwe ya lami, Kampala hadi Jinja na kurudi. Ukifika, gusa kila kitovu cha gurudumu: kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, breki inashika au beringi inalia. Kaza nati za magurudumu. Safari ya pili ipitie murram nusu siku, kisha ukae chini na spana uzungukie kila boliti ya ndani na nje. Zilizolegea zitie alama ya rangi ili wakati mwingine uone kwa jicho kama zimezunguka. Milima ya Kabale iwe ya tatu, ukishuka kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Sanduku la safari ndefu liwe na mikanda ya feni, filta mbili za dizeli, mabomba ya rejeta ya juu na ya chini, fyuzi za kila saizi, bushi chache, mita kadhaa za waya, oili ya injini na ya breki, tairi la akiba lililojaa upepo, na jeki inayoweza kuinua basi likiwa limejaa, pamoja na ubao mpana wa kuiwekea chini isizame kwenye udongo.